Mtambo wa Joto Unapozimika: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jumuiya za Wazungumzaji wa Kiswahili Nchini Marekani



Barua hii inaelekezwa kwa wenyeviti, makatibu, wachungaji, maimamu na akina mama wa vikundi ambao, katika miji kama Minneapolis, Chicago, Buffalo, Louisville na Portland ya jimbo la Maine, wamebeba jukumu la kuziunganisha familia zinazozungumza Kiswahili, ziwe zilitoka Kenya na Tanzania kwa ajili ya masomo na kazi, au zilifika kutoka Kivu na Burundi baada ya kupitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Jambo linaloletwa mbele yao ni la nyumbani kabisa. Mtambo wa kupasha nyumba joto unapoharibika katikati ya majira ya baridi, familia isiyojua njia yaweza kukaa siku kadhaa bila joto ilhali kifaa kilichoharibika ni cha kutengenezwa kwa saa moja, kwa kuwa aliyepaswa kukitengeneza hakuarifiwa kwa namna inayomlazimu kuchukua hatua. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukimya huo unaweza kuvunjwa na jumuiya zenyewe, na kwamba kazi ya kuuvunja ni ya mwezi Septemba, kabla theluji ya kwanza haijaanguka.

Ombi hili lina sababu yake ya wakati. Kuanzia mwaka 2016, na kwa miaka mingi iliyofuata, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliongoza au ilikaribia kuongoza orodha ya nchi ambazo wakimbizi wake walipokelewa Marekani, na wengi miongoni mwao hutumia Kiswahili nyumbani, kanisani au sokoni. Utaratibu wa kuwapokea ulikuwa kwamba shirika la makazi mapya, yaani asasi iliyofungamana kwa mkataba na serikali ya shirikisho, liliwatafutia nyumba, likaiwekea samani, na kuwaelekeza matumizi ya vifaa vyake katika siku 30 hadi 90 za mwanzo. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro isiyotokana na uzembe wa mtu yeyote: familia iliyofika Mei ilionyeshwa kitufe cha joto wakati jua linawaka nje, na ilipofika Novemba, siku ya kwanza ya kukihitaji, muda wa kuelekezwa ulikuwa umekwisha. Kisha tarehe 20 Januari 2025 serikali ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na siku chache baadaye mashirika hayo yakaagizwa kusitisha kazi zilizogharimiwa na fedha za shirikisho, hata kwa familia zilizokwisha kuwasili, jambo lililoyafanya mengi kupunguza wafanyakazi. Kwa kaya nyingi, mlango uliobaki wa kubisha hodi usiku wa baridi ni wa jumuiya.

Ili jumuiya iweze kusaidia, inafaa angalau watu wachache ndani yake waielewe mashine yenyewe, kwa sababu mtu asiyejua mashine hufanya nini hawezi kueleza imeharibika nini. Katika nyumba nyingi za majimbo ya kaskazini joto hutolewa na tanuru la gesi, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la hita: ni kasha la chuma linalowekwa katika chumba cha chini ya nyumba au ndani ya kabati, ambalo huchoma gesi asilia na kusambaza hewa ya moto vyumbani kupitia mifereji ya bati. Kazi yake hufuata mpangilio maalumu. Themostati, yaani kile kisanduku cha ukutani cha kudhibiti joto, inapobaini kwamba chumba kimepoa kupita kiwango kilichowekwa, hutuma ishara ya umeme mdogo wa volti 24. Feni ndogo huanza kuvuta mabaki ya moshi na kuyatoa nje kwa bomba. Swichi ya mgandamizo wa hewa huthibitisha kwamba njia ya moshi iko wazi. Kiwashi, ambacho katika mitambo mingi ya sasa ni kipande kigumu kinachopata moto wa umeme hadi kung'aa, huwa tayari. Vali ya gesi hufunguka na miali huwaka. Kihisi mwali, ambacho ni kijiti chembamba cha chuma kilichozama ndani ya mwali, huthibitisha kwamba moto upo kweli. Na baada ya muda mfupi feni kubwa huanza kupuliza hewa ya nyumba juu ya kibadilisha joto, yaani zile kuta za chuma zinazotenganisha moto na moshi wake kwa upande mmoja na hewa inayovutwa na watu kwa upande wa pili.

Kila hatua hungoja uthibitisho wa hatua iliyotangulia, na uthibitisho mmoja ukikosekana mtambo wote hujizima. Anayetetemeka kwa baridi huona jambo hilo kuwa ni udhaifu wa mashine, lakini ndilo linaloizuia gesi isiyowaka isijae nyumbani. Matokeo yake ni kwamba sababu ndogo sana huweza kuleta baridi kamili. Chujio la hewa, ambalo ni kile kitambaa au karatasi yenye fremu inayokamata vumbi kabla hewa haijaingia mtamboni, likiziba kabisa, kibadilisha joto hupata moto kupita kiasi na swichi ya usalama hukata miali. Betri za themostati zikiisha, hakuna ishara inayotumwa. Mfuniko wa mbele wa tanuru usipofungwa sawasawa, swichi iliyo nyuma yake hukata umeme. Theluji ikifunika mdomo wa bomba la plastiki linalotoa mabaki nje, swichi ya mgandamizo hukataa kuruhusu moto. Na kihisi mwali kikipakwa utando mwembamba wa uchafu, moto huwaka kwa sekunde chache kisha huzimika, huwaka tena na kuzimika tena. Ipo pia swichi ya kawaida, inayofanana kabisa na ya taa, iliyofungwa ukutani au ubavuni mwa tanuru, ambayo mtoto au mgeni huizima akidhani ni ya balbu, na nyumba nzima ikapoa kwa sababu hiyo peke yake.

Mambo hayo, isipokuwa kusafisha kihisi mwali, yanaweza kukaguliwa na mtu yeyote mzima bila kifaa chochote, na ni vizuri yakaguliwe kabla ya simu kupigwa, kwa sababu fundi anayeitwa usiku au siku ya mapumziko hutoza ada kubwa kuliko ya mchana wa kawaida. Mitambo mingi ya miaka ya karibuni ina taa ndogo kwenye ubao wake wa umeme, ambayo hupepesa kwa idadi fulani kuonyesha aina ya hitilafu, na ufafanuzi wa idadi hizo hubandikwa upande wa ndani wa mfuniko. Mpangaji akipiga picha ya taa hiyo na ya ufafanuzi wake, amemwokolea fundi muda na amejipatia ushahidi. Inafaa pia ielezwe waziwazi kwamba kuipandisha themostati hadi namba ya mwisho hakuharakishi joto, kwa maana tanuru la kawaida huwaka kwa nguvu ileile, na tofauti ni kwamba halitajua kusimama. Ukaguzi wa nyumbani unakomea hapo. Mtu asiye fundi asifungue vali ya gesi, asiunganishe nyaya ili kuikwepa swichi ya usalama, na kukiwa na harufu ya gesi asitafute chanzo chake: atoke nje na watu wote waliomo, asiguse swichi ya umeme, na apige simu akiwa mbali na nyumba. Harufu hiyo yenyewe iliwekwa kwa makusudi, kwa kuwa gesi asilia haina harufu. Sheria za kuilazimisha zilienea baada ya mlipuko wa tarehe 18 Machi 1937 katika shule ya New London, Texas, ulioua watu wanaokaribia 300, wengi wao wakiwa wanafunzi.

Hatari iliyo kubwa zaidi haina harufu hata ya kutiwa, nayo inahitaji kuzungumzwa kwa kirefu kwa sababu inagusa mazoea yaliyoletwa kutoka nyumbani. Kaboni monoksaidi ni hewa isiyoonekana inayotokana na kitu chochote kinachoungua bila kupata oksijeni ya kutosha, kiwe mkaa, kuni, petroli au gesi. Ikivutwa mapafuni hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa ilhali mtu anapumua. Dalili zake za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, yaani zilezile ambazo familia huziita mafua au malaria, na aliyelala huweza asiamke. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinakadiria kwamba zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka nchini humo kwa sumu hiyo bila kuwapo ajali ya moto, na zaidi ya 100,000 hufika katika vyumba vya dharura vya hospitali.

Wasomaji waliokulia Nairobi, Njombe, Mbeya au Bukavu wanazifahamu habari za watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa na kukutwa wamekufa asubuhi. Tofauti ni kwamba nyumba nyingi za mabati na matofali za kwetu zina nyufa, matundu chini ya paa na madirisha yasiyokaza, ilhali nyumba ya Minnesota imejengwa kwa nia ya kutopitisha hata upepo mdogo, hivyo mkaa ambao katika nyumba ya kwanza ungeumiza kichwa, katika nyumba ya pili huua. Mwezi Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipoiacha Texas bila umeme kwa siku kadhaa, watu waliingiza majiko ya kuchomea nyama ndani, waliwasha jenereta karibu na madirisha, na wengine walikaa ndani ya magari yaliyowashwa katika gereji zilizounganika na nyumba. Zaidi ya watu 1,400 walitafuta matibabu kwa sumu ya kaboni monoksaidi, wakiwamo wahamiaji wengi, na miongoni mwa waliopoteza maisha walikuwamo watu wa familia iliyotoka Ethiopia. Hawakuwa watu wajinga. Walifanya kile ambacho mzazi yeyote hufanya mtoto anapotetemeka, na kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema, kwa lugha yao, kwamba moto huo haukufaa.

Hita ndogo ya umeme, ile inayochomekwa ukutani, haina sumu hiyo, lakini ina hatari yake. Ya kawaida hutumia wati 1,500, ambazo kwa umeme wa volti 120 ni sawa na ampia 12.5, na saketi nyingi za vyumba vya kulala hubeba ampia 15 tu. Kwa hiyo hita mbili katika saketi moja huangusha breka, na hita iliyochomekwa kwenye waya mwembamba wa kurefusha umeme huweza kuuyeyusha waya huo chini ya zulia bila mtu kujua. Tarehe 9 Januari 2022 hita ya aina hiyo ilizusha moto katika jengo refu la Bronx, New York, lililokaliwa na familia nyingi zenye asili ya Gambia, na watu 17 walikufa, 8 kati yao wakiwa watoto, kwa sababu mlango wa nyumba iliyoungua na mlango wa ngazi haikujifunga na moshi ukapanda kama katika dohani. Familia inayolazimika kuitumia hita hiyo kwa siku moja au mbili, hadi fundi afike, iichomeke ukutani moja kwa moja, iiweke umbali wa mita moja kutoka kwenye godoro na pazia, na iizime kabla ya kulala.

Upande wa sheria, mpangaji ana nguvu kubwa kuliko anayoidhania. Mwaka 1970, katika kesi iitwayo Javins, mahakama ya rufani ya shirikisho mjini Washington iliamua kwamba mkataba wa upangaji unabeba ndani yake dhamana ya nyumba kufaa kukaliwa, hata kama haikuandikwa, na kwamba wajibu wa kulipa kodi unafungamana na wajibu wa mwenye nyumba kuitunza. Kanuni hiyo leo inatambuliwa, kwa sura mbalimbali, karibu katika majimbo yote. Miji na majimbo yameongeza viwango vinavyopimika. Katika jiji la New York, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, mwenye jengo anatakiwa kuhakikisha joto la ndani lisilopungua nyuzi 20 za Selsiasi, yaani 68 za Farenhaiti, kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku kila joto la nje linapokuwa chini ya nyuzi 13, na lisilopungua nyuzi 17 hivi, yaani 62 za Farenhaiti, usiku wote bila kujali hali ya nje. Chicago ina msimu kama huo kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 1 Juni, na mwenye nyumba anayekiuka huweza kutozwa faini ya dola 500 hadi 1,000 kwa kila siku ambayo joto halipo. Minnesota, ambako wamekusanyika Wakenya wengi, ina sheria ya jimbo zima iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, inayotaka nyuzi 68 za Farenhaiti kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Kipimajoto cha bei ndogo kilichowekwa katikati ya chumba, na picha yake iliyopigwa pamoja na saa na tarehe, ni ushahidi ambao mkaguzi wa jiji na hakimu huuelewa bila mkalimani.

Hata hivyo, haki hizo hupata nguvu zaidi taarifa inapotolewa kwa maandishi. Simu iliyopigwa kwa mwenye nyumba huweza kukanwa. Ujumbe wa simu au barua pepe wenye tarehe, anwani, namba ya chumba na maneno machache yanayosema kwamba hakuna joto tangu saa fulani, hauwezi. Taarifa ikipuuzwa, hatua inayofuata ni ofisi ya ukaguzi ya mji, ambayo katika miji mingi hufikiwa kwa namba 311, na hatua ya tatu ni mahakama. Minnesota, kwa mfano, inampa mpangaji aliyekosa joto njia ya dharura ya kufungua shauri baada ya kujaribu kumwarifu mwenye nyumba angalau saa 24 kabla. Kuna kosa moja ambalo ni lazima viongozi walipige marufuku kila wanapopata nafasi ya kusema, nalo ni la kuacha kulipa kodi kimyakimya kwa hasira. Sheria za majimbo mengi huruhusu kodi izuiliwe au ilipwe mahakamani hadi matengenezo yafanyike, lakini kwa utaratibu uliowekwa tu, na anayezuia kodi bila kuufuata hujikuta yeye ndiye mshtakiwa, akikabiliwa na amri ya kufukuzwa ambayo hubaki katika kumbukumbu zake na kumfungia milango ya nyumba nyingine kwa miaka.

Ugumu ulio mkubwa kuliko sheria uko moyoni. Mtu aliyekaa miaka 15 au 20 kambini amefunzwa na maisha kwamba anayelalamika hupoteza hata kile kidogo alichopewa, na mtu aliyelelewa kuheshimu mwenye nyumba wake kama mwenyeji wake huona aibu kumshitaki kwa wakubwa. Uvumilivu huo ni tabia njema katika mambo mengi, na barua hii haiutwezi. Lakini uvumilivu wa mzazi haumpi joto mtoto mchanga, na mwenye nyumba mwaminifu hapungukiwi heshima anapoarifiwa kwamba mtambo wake umeharibika. Kinyume chake, mabomba ya maji yakiganda na kupasuka kwa sababu ya baridi iliyonyamaziwa, hasara yake huwa kubwa kuliko gharama ya matengenezo. Tena majimbo mengi yanakataza kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyelalamika kwa haki: huko Minnesota, mwenye nyumba anayempa mpangaji notisi ya kuhama ndani ya siku 90 baada ya malalamiko, ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakulipiza kisasi.

Katika nyumba nyingi anayebebeshwa kazi ya kuvunja ukimya huo ni mtoto wa miaka 10 au 12, kwa sababu ndiye ajuaye Kiingereza. Mtoto huyo hupigishwa simu kwa mtu mzima aliyekasirika, hulazimika kutafsiri maneno asiyoyaelewa hata kwa Kiingereza, na hubaki na hofu kwamba familia ikifukuzwa kosa litakuwa lake. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozitaka asasi za shirikisho kupanga huduma kwa wasiojua Kiingereza vizuri ilifutwa tarehe 1 Machi 2025, lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi wa asili ya taifa katika huduma zinazogharimiwa na fedha za shirikisho, ingalipo, na miji mingi ina sheria zake yenyewe. Huduma ya 311 ya New York hutoa ukalimani katika lugha zaidi ya 175. Mtu mzima ajue kulitamka jina la lugha yake kwa Kiingereza, angoje mkalimani bila kukata simu, na mtoto arudi kwenye masomo yake.

Wapo pia wale waliokwisha kununua nyumba, na idadi yao inaonekana kukua katika miji ambako bei bado inafikika. Hao hawana wa kumlalamikia, na kwao tanuru lililozimika ni gharama inayoanguka kwa siku moja. Kinachofaa wakijue ni kwamba tanuru lililotunzwa hudumu miaka 15 hadi 20, kwamba viwanda vingi hutoa dhamana ya vipuri ya miaka 10 iwapo mtambo uliandikishwa baada ya kufungwa, na kwamba fundi anayesema kibadilisha joto kimepasuka, kwa hiyo mtambo mzima ubadilishwe, huenda anasema kweli na huenda hasemi. Ufa wa kweli ni jambo zito, kwa kuwa unaweza kuruhusu mabaki ya moshi kuingia katika hewa ya nyumba, na fundi anayeuona ana wajibu wa kuuzima mtambo. Kwa hiyo jibu la busara ni kuuacha umezimwa, kuomba kuonyeshwa ufa huo kwa picha, kupata makadirio ya gharama kwa maandishi, kisha kumwita fundi wa pili mwenye leseni kabla ya kutia saini mkopo wowote.

Maine, ambako nyumba nyingi hutumia mafuta yanayoletwa kwa lori, ina tatizo lake: tangi likikauka hewa huingia katika bomba na mtambo haurudi kuwaka hata likijazwa, mpaka hewa hiyo itolewe. Kitufe chekundu cha kuwashia upya kisibonyezwe zaidi ya mara moja, kwa kuwa kila mbonyezo usioleta moto humwaga mafuta mengine ndani ya chumba cha kuchomea, na moto ukija kushika baadaye hushika yote kwa pamoja.

Kwa wenye kipato kidogo, wawe wapangaji au wenye nyumba, kuna mpango wa shirikisho wa msaada wa nishati ya majumbani ulioanzishwa mwaka 1981, ambao fedha zake hugawiwa kwa majimbo na hulipa sehemu ya bili, hutoa msaada wa dharura pale huduma inapokaribia kukatwa, na katika majimbo mengi hugharimia kutengeneza au kubadilisha tanuru la mwenye nyumba asiyeweza. Mpango mwingine, ulioanza mwaka 1976, huziba nyufa na kuweka matabaka ya kuzuia joto lisipotee. Minnesota pia inakataza kampuni za umeme na gesi kumkatia joto, kati ya tarehe 1 Oktoba na 30 Aprili, mteja aliyekubaliana nazo mpango wa malipo na kuufuata. Fedha za mipango hiyo huweza kwisha kabla ya majira ya baridi kwisha, na anayeomba Oktoba ana nafasi nzuri kuliko anayeomba Februari.

Jumuiya zinazoandikiwa barua hii zina uwezo ambao wageni wengine huuonea wivu. Msiba ukitokea, kikundi cha simu kikatangaziwa usiku, michango hupatikana kwa siku chache, mweka hazina akatoa hesabu, na mwili ukasafirishwa hadi Kisii, Moshi au Uvira kwa heshima zote. Uaminifu huo na mpangilio huo umekwisha kujengwa, na ni haki utumike pia kwa walio hai. Sehemu ndogo ya mfuko wa jumuiya inatosha kununua ving'ora vya kaboni monoksaidi, yaani vile vifaa vidogo vinavyopiga kelele hewa hiyo inapozidi, na kuviweka karibu na vyumba vya kulala katika kila nyumba isiyo navyo. Inatosha pia kuwa na hita mbili tatu za kuazima zilizo salama, pamoja na machujio ya ziada. Watu wawili au watatu wenye Kiingereza kizuri wateuliwe kwa majina kuwa wapokeaji wa simu za joto, kama walivyo wapokeaji wa habari za msiba, na wawe na ujumbe wa Kiingereza ulioandikwa tayari ambao mpangaji atajaza tarehe na anwani tu.

Jambo la kudumu zaidi ni ufundi. Miongoni mwa wanaume na wanawake wanaopakia maboksi katika maghala ya Louisville au kukata nyama katika viwanda vya Minnesota wamo waliokuwa wachomeleaji, mafundi umeme na mafundi magari huko walikotoka, na vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya ada nafuu, hufundisha ufundi wa mitambo ya joto na baridi kwa mwaka mmoja au miwili. Kijana mmoja wa jumuiya akipelekwa huko kwa ada iliyochangwa, akapata leseni, nyumba nyingi zitakuwa na mtu wa kuuliza kwa Kiswahili kama ufa ulioonyeshwa ni ufa kweli.

Viongozi wanaombwa kuitisha kikao cha kwanza cha jambo hili kabla ya tarehe 1 Oktoba, wala kisingoje ajenda nyingine zimalizike. Katika kikao hicho iandikwe orodha ya nyumba zenye watoto wachanga, wazee, wajawazito, na wagonjwa wa selimundu, ambao baridi huweza kuwaletea maumivu makali ya kulazwa hospitalini. Nyumba hizo zitembelewe kwanza, mitambo yake iwashwe kwa majaribio mbele ya wageni wiki hiyohiyo, na yoyote itakayokataa kuwaka iandikiwe taarifa kwa mwenye nyumba siku hiyo, kabla waliotembelea hawajaondoka.